Kongamano lipi la wapiga picha: WPPI, Imaging USA au Arles?

Mwanga_Laini
Wakuu salaam. Mwaka huu nimejiwekea akiba ya kuhudhuria kongamano moja tu la wapiga picha. Nataka kujifunza, na nataka kurudi na ari mpya. Nimebaki na matatu: WPPI (la Marekani, la wapiga picha wa harusi na watu), Imaging USA na Rencontres d'Arles kule Ufaransa. Bei ya mapema ya WPPI inakaribia kufungwa, kwa hiyo muda wangu ni mfupi. Mliowahi kwenda, lipi lina faida zaidi?

Jicho la Tatu
Mkuu, unapiga picha za nini? Hujasema. Harusi, habari, bidhaa, watoto? Hayo matatu hayafanani hata kidogo. Mawili ni ya watu wa studio na biashara, la tatu ni tamasha la maonyesho. Tusipojua unachofanya, kila mtu hapa atakuvuta upande wake.

MamaStudio
Ni kweli, ila wakati tunamsubiri ajibu niseme langu: Imaging USA. Linaandaliwa na PPA, chama cha wapiga picha wa kulipwa cha Marekani, kila mwaka, kwa kawaida Januari, na mji hubadilika. Nililipenda kwa sababu linafundisha yale ambayo wengi wetu tunayakwepa: kupanga bei, kuandika mkataba, kumuuzia mteja picha zilizochapwa badala ya kumkabidhi mafaili mkaachana hapo. Na mwenye cheti chao cha CPP, yaani cha mpiga picha wa kulipwa aliyethibitishwa, hawezi kukihuisha bila kuonyesha kwamba ameendelea kusoma, na madarasa ya pale yanahesabiwa. Kama nia yako ni elimu ya kujiendeleza, usihangaike kwingine.

Fremu35
Dada, mambo ya bei na mikataba yamejaa intanetini. Usiyoyapata ukiwa umekaa nyumbani ni macho ya watu wazito. Nenda Arles. Lile tamasha lipo tangu 1970, na wiki ya ufunguzi, mwanzoni mwa Julai, wahariri, wasimamizi wa maonyesho na wachapishaji wa vitabu vya picha wote wako mjini. Maonyesho yenyewe yamo ndani ya makanisa ya kale na karakana za zamani za reli. Unatoka jengo moja unaingia jingine, na ukifika jioni unaanza kuziona kazi zako kwa jicho tofauti kabisa.

Kapteni Lenzi
Kabla hujalipa chochote, soma ratiba mstari kwa mstari. Niliwahi kwenda kongamano moja kubwa, jina naliacha. Nilinunua tiketi kuu, na juu yake nikalipia darasa la vitendo la taa, maana tangazo lilisema kundi dogo na kila mtu atapanga taa kwa mkono wake. Kuingia chumbani, umati! Mwanamitindo mmoja, taa tatu zilizokwisha kupangwa, na kifaa kimoja cha kuwashia taa tukipokezana kwa foleni. Zamu yako ikifika unakichomeka juu ya kamera, unabonyeza mara mbili tatu, unampa wa nyuma yako.

Nusu ya muda mwalimu alieleza jinsi alivyopata wafuasi. Nusu iliyobaki akatuuzia priseti zake za rangi, yaani mipangilio tayari ya kuhariri picha. Mshiriki mmoja aliuliza kwa nini taa kuu imewekwa mbali vile, akajibiwa kuwa ukiisogeza taa nyuma mwanga unakuwa laini, na mjadala ukaishia hapo. Lililoniuma zaidi ni kwamba wote tuliondoka na picha ileile. Baadaye niliiona kwenye kurasa za wenzangu ikiwa imewekwa kama kazi yao, na mteja atakayewaajiri kwa picha ile atakuwa ameajiri taa za mtu mwingine. Tuliahidiwa pia rekodi za madarasa yaliyogongana saa. Nikaandika kuzidai, nikaambiwa nisubiri, kisha wakanyamaza moja kwa moja.

Kwa hiyo uliza mapema: kundi lina watu wangapi, nani anapanga taa, na nani amedhamini darasa. Mdhamini akiwa muuzaji wa taa, utafundishwa kuitumia taa yake.

Nusu Kivuli
Pole sana kaka. Na huyo mwalimu aliwapotosha. Taa ileile ukiisogeza nyuma, mwanga unakuwa mkali, yaani vivuli vinakuwa na ukingo uliokatika, kwa sababu kutoka pale alipokaa anayepigwa picha chanzo kinaonekana kidogo zaidi. Jua ni kubwa kuliko dunia, lakini kwa kuwa liko mbali, kivuli cha mchana wa anga safi kina ukingo uliokatika vizuri kabisa.

Fremu35
Labda alimaanisha kwamba mwanga unaenea kwa usawa. Taa ikiwa mita 1 kutoka kwa mtu wa kwanza na mita 2 kutoka kwa wa pili, yule wa pili anapata robo tu ya mwanga, yaani tofauti ya stopu 2 (kila stopu moja hupunguza mwanga kwa nusu). Irudishe taa iwe mita 4 na mita 5, tofauti inashuka chini ya stopu 1. Kwa picha ya familia hilo ni jambo kubwa.

Nusu Kivuli
Hayo ni mambo mawili mbalimbali, mkuu. Kupungua kwa mwanga kwa umbali ni jambo moja, ulaini wa kivuli ni jingine. Mimi kwenye picha ya familia nasogeza taa nyuma, lakini nabadilisha na mwavuli wa kutawanya mwanga wa taa, naweka mkubwa zaidi ili nisipoteze ulaini. Watu waliolipa ada walistahili kuelezwa yote mawili.

MamaStudio
Jamani, mwenye uzi tumemsahau. Mwanga_Laini, uko wapi?

Mwanga_Laini
Nipo, nawasoma. Kazi inayonilisha ni harusi. Ila kwa muda mrefu nimekuwa na mradi wangu wa pembeni, picha za wafanyakazi wa zamu za usiku: wauguzi, walinzi, waoka mikate. Nje ya marafiki hakuna aliyeuona. Na viza sina, si ya Marekani wala ya Ufaransa.

Jicho la Tatu
Haya sasa ndiyo tuliyoyahitaji tangu mwanzo! Tuanze na viza. Usilipe tiketi isiyorudishwa kabla hujajua miadi yako ya ubalozini ni lini. Waandike waandaaji uombe barua ya mwaliko, na uulize kwa maandishi kama ada inarudishwa viza ikikataliwa. Bei ya mapema isikukimbize.

Pili, mradi wa wafanyakazi wa usiku ukiupeleka ukumbi uliojaa watu wa harusi utasifiwa tu, basi. Orodha yako imekosa Visa pour l'Image ya Perpignan, Ufaransa. Ni tamasha la picha za habari, lipo tangu 1989, maonyesho yake hayana kiingilio, na wiki ya wataalamu ni Septemba. Wahariri wa picha wanakuwepo. Iko pia FotoFest ya Houston, Marekani, nayo ina jina kubwa kwa mikutano ya kuhakiki potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako. Mimi huchagua kwa swali moja: nani atakaa mezani kuitazama kazi yangu, na ana uwezo gani wa kuifikisha mbele?

Mzee wa Filamu
Vijana, mnataja Ulaya na Marekani peke yake. Bamako, Mali, kuna tamasha la picha tangu 1994, katika mji wa wapiga picha mashuhuri Seydou Keïta na Malick Sidibé. Sidibé huyohuyo alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, mwaka 2007, mpiga picha wa kwanza kuipata tuzo ile. Addis Ababa nako kuna Addis Foto Fest, lililoanzishwa na mpiga picha Aida Muluneh mwaka 2010. Mtu mwenye mradi wa watu wa kazi atasikilizwa huko.

Enzi zetu ilikuwa Photokina, maonyesho ya kamera na picha ya Cologne, Ujerumani, iliyoanza 1950 na kufanyika mara ya mwisho 2018. Wengine walikimbilia meza za kamera, mimi nilizama kwenye kumbi za picha zilizotundikwa.

MamaStudio
Mzee wangu, shikamoo. Lakini msimkatishe tamaa na WPPI, harusi ndiyo inayomlisha. Pale kuna kitu naona hakina mfano: chumba ambamo picha zilizochapwa huhukumiwa mbele ya watu. Alama ni hadi 100, na kwa desturi 80 ndiyo mstari wa kutambuliwa kuwa picha bora. Hata usiposhindana, keti usikilize. Utasikia picha uliyodhani ni kamili ikikatwa alama kwa sababu ukingo wa picha umekata mkono pale kwenye kiungo, au weupe wa gauni umeungua hadi nyuzi hazionekani. Baada ya hapo ukipiga harusi, unayaona hayo kabla hujabonyeza.

Kapteni Lenzi
Hapo naungana na MamaStudio. Hukumu ya wazi haina cha kukuuzia.

Mwanga_Laini
Asanteni nyote, mmenipanua, ingawa sasa nimezidi kugawanyika. Viza naanza kuifuatilia wiki hii, na nitawaandikia Perpignan na Bamako. WPPI bado siifuti. Nikienda kwenye uhakiki, nichukue tableti au nichape?

Mzee wa Filamu
Marahaba mwanangu MamaStudio. Mwanga_Laini, chapa. Picha 15 hadi 20, ukubwa wa A4 au zaidi kidogo, zisizogundishwa, ili mhakiki aweze kuzipanga upya mezani. Mara nyingi muda ni kama dakika 20, na mpangilio wake utakufundisha kuliko maneno.

Fremu35
Tableti inatosha, mzee. Wahariri wa sasa kutwa wako kwenye kioo.

Mzee wa Filamu
Kioo kinaonyesha picha moja moja. Mradi unasomwa zote zikiwa wazi.

Nusu Kivuli
Picha za usiku zina weusi mwingi. Karatasi isiyong'aa si itameza maelezo ya vivulini?

Mzee wa Filamu
Itameza, kama kwenye faili hukuangaza vivuli kidogo kabla ya kuchapa. Kwa kazi ya usiku chagua karatasi ya baraita, ile yenye tabaka la bariamu na mng'ao kidogo, weusi wake una kina zaidi. Chapa moja ya majaribio, itazame chini ya taa ya kawaida ya ndani, ndipo uchape zilizobaki.