Ushauri: maleba ya igizo la vita vya Lugalo, nitumie vitambaa gani?

FundiKihesa: Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa. Kundi la vijana limenipa kazi ya maleba ya igizo la Lugalo, Agosti 1891, Wahehe walipomuua Zelewski, kamanda wa Wajerumani. Litachezwa jukwaani, halafu mwezi wa saba litarekodiwa kama filamu. Mwongozaji anataka wapiganaji wavae mashuka mekundu ya Kimasai, wanawake vitenge, na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ngozi ya chui. Roho yangu inakataa kabisa. Watazamaji wengine watatoka Kalenga, hao ni wajukuu wa wenye vita. Nimwambieje, na nitumie nini badala yake? Bajeti ndogo. Natanguliza shukrani.

MwanaMwanjelwa: Mkuu, shikilia hapohapo. Mhehe avae mgolole, yaani shuka la kujitanda, ufungwe begani. Nguo ya dukani iliyofika bara enzi zile ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa, pamoja na kaniki, ile pamba ya rangi nyeusi. Chukua jora zima, utapata nafuu. Ila usiamini mdomo wa muuzaji: chomoa uzi, uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na majivu yake husagika vidoleni. Tetroni (poliesta) huyeyuka ikaacha kidonge kigumu, na kwenye taa za jukwaa inameremeta vibaya. Khanga za maandishi nazo ziache, maandishi yalikuja karne ya 20.

MamaTukuyu: Mwanangu, ngozi ya chui msiiguse. Kukutwa nayo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kesi zake ni nzito. Tafuta blanketi la mtumba la manyoya mafupi, rangi ya mchanga, uchore madoa mwenyewe. Na uchore vizuri! Doa la chui ni kiduara kilichokatikakatika, katikati rangi imekolea kidogo. Ukiweka vitone vyeusi vitupu umechora duma.

KijanaMafinga: Mimi nashughulika na filamu. Kaniki inameza damu, haionekani kabisa, kwa hiyo atakayechomwa mkuki au kupigwa risasi mvike merikani. Mshonee tatu zinazofanana, maana tukio litarudiwa. Damu ya bandia ikiingia, loweka kwenye maji baridi papo hapo.

Kitambaa kipya fua kwanza dondo litoke. Merikani ichemshe na majani ya chai, kisha piga msasa begani na kwenye pindo, malizia na udongo wetu mwekundu. Usichakaze kote sawasawa. Mpiganaji anayebeba mkuki bega la kulia, mgolole wake utalika upande huo, na kamera inaona. Kila siku piga kila mwigizaji picha kwa simu, mbele na nyuma, uone fundo lilikuwa wapi.

FundiKihesa: Shikamoo mama, na asanteni wote. Bado askari wa Mjerumani. Na baridi ya Julai je? Vijana watakuwa mabega wazi tangu alfajiri.

MwanaMwanjelwa: Askari wake walikuwemo Wasudani na Wazulu, kwa hiyo usiazime sare za mgambo wa leo. Kabla hujakata kitambaa, mchukue mwongozaji mwende Boma la Iringa na makumbusho ya Kalenga, mkae na wazee. Akisikia kwao hatabishana na wewe.

MamaTukuyu: Baridi msiifanyie mzaha. Weka mablanketi nje ya kamera, wajifunike kila mkikata. Na uji wa moto uwepo.