Raskazone: nyumba ya familia kuwa ya kulala wageni kwa siku, unaanzia wapi?

Kibarazani: Wakuu, habarini. Nyumba ya vyumba vinne Raskazone, Tanga, hati imeandikwa makazi. Vitatu vipangishwe kwa siku kupitia mtandao wa Airbnb, mwenye nyumba abaki na kimoja. Leseni ya biashara ya Jiji inatosha? Na jirani akilalamika, anaenda wapi?

Ramani_Mezani: Leseni iache kwanza, mkuu, shika hati. Kulaza wageni kwa malipo si makazi tena. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali cha mamlaka ya upangaji, yaani Jiji lenyewe, kabla ya kubadilisha matumizi. Andaa nakala ya hati, ramani ya kiwanja, risiti ya kodi ya ardhi na barua inayotaja idadi ya vyumba na magari yatakayoegeshwa ndani ya uzio. Ombi hutangazwa ili wenye pingamizi wajitokeze, na hapa ndipo mambo hukwama: wageni wameshaanza kuingia, majirani wameshachoka na magari mlangoni kwao. Mwone mwenyekiti wa mtaa mapema, ila muhuri wake usiuchukulie kuwa kibali. Kibali kikitoka, hesabu pia kodi ya ardhi kupanda, maana inafuata matumizi.

Daftari2: Leseni yenyewe inaombwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri: namba ya mlipakodi (TIN), namba ya NIDA, cheti cha TRA kwamba hudaiwi kodi, na mkataba wa pango kama nyumba si yako. Afisa afya na Zimamoto watakuja kukagua. Ukipokea watalii, Sheria ya Utalii ya 2008 inadai leseni nyingine, ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Na tafadhali, kodi ya majengo inayokatwa ukinunua umeme wa LUKU haina uhusiano na leseni. Kuna watu wanapeleka risiti ya umeme kwa afisa biashara.

Kibarazani: Mbona wengi wanapangisha bila hata kimoja?

Daftari2: Wanapangisha mpaka jirani aandike barua.

Shimo_Limejaa: Barua hiyo huanzia kwa mtendaji wa mtaa, kisha kata, kisha Jiji. Kelele ni mambo ya NEMC pia, baraza la mazingira: kanuni za 2015 zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa eneo la makazi, na usiku unaanza saa 4. Spika ya uani inavuka hapo bila shida. Lakini kinachofichua nyumba hizi haraka ni choo. Shimo lilichimbwa kwa familia ya watu watano. Vyumba vitatu vikijaa wawili wawili, wanaoga mara mbili kwa siku kwa joto la Tanga, na shuka zinafuliwa kila mgeni akiondoka, maji yanatokea kwa jirani. Pima shimo kabla ya kununua vitanda. Daftari la wageni nalo liwepo, jina, namba ya pasipoti au kitambulisho, atokako na aendako, kwa sababu polisi na Uhamiaji wakija wanaanza nalo.