Nani ameshaunganisha AI na REAPER? Nina traki 46 za ngoma za Kigogo na mteja anataka kazi Jumapili

Studio_Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Mimi niko Dodoma, nina studio ndogo hapa Nkuhungu, narekodi kwaya na vikundi vya ngoma. Juzi nimetoka Chamwino kurekodi kikundi, kuna zeze mbili, ilimba tatu (zile za vifunguo vya chuma vya kupiga kwa vidole gumba), ngoma za muheme za akina mama, kayamba na waimbaji, jumla traki 46 na zote zimekuja na majina ya namba tu. Kila nikirudi na kazi kama hii siku nzima inaisha sijagusa hata EQ ya kurekebisha besi na sauti kali, naandika majina, napaka rangi, napanga folda, nakata sehemu zenye ukimya. Sasa nimeona video vijana wanaiandikia AI maneno ya kawaida tu, fungua traki nne weka tempo 92, na Ableton inatii yenyewe. Mimi natumia REAPER, nayo ni programu ya kurekodi na kupanga muziki kama hiyo Ableton, laptop ina RAM 8. Inawezekana? Na bando litahimili? Na je naweza kumwachia ejenti, yaani hiyo AI inayofanya kazi yenyewe, aende mpaka kwenye miksi kabisa?

FundiLua
Inawezekana kabisa mkuu. Hizo video nyingi zinatumia kitu kinaitwa MCP, walikitoa Anthropic Novemba 2024, ni utaratibu wa AI kuongea na programu nyingine. Kwenye laptop yako inakaa seva ndogo, AI inaiambia fanya hiki, seva inaipelekea REAPER, REAPER inajibu imefanyika. Kinachosafiri kwenye intaneti ni maandishi tu, sauti zako zinabaki kwako, kwahiyo bando usiogope. RAM nayo haina shida maana modeli yenyewe iko kwenye kompyuta za wenyewe huko, labda utake kuendesha modeli humo humo kwenye laptop yako, hapo 8 itakubana.

Ila kwa kazi yako hata MCP sio lazima. REAPER ina ReaScript, njia ya kuiandikia amri ikazifuata yenyewe, inakubali lugha za Lua, Python na EEL2. Chukua daftari lako la rekodi, mpe AI orodha kwamba traki 1 ni zeze ya kwanza, 2 ni zeze ya pili, mpaka 46, mwambie akuandikie skripti ya Lua ya majina, rangi na folda, unaipakia kwenye Action List, ile orodha ya amri za REAPER, unabonyeza mara moja. Mwambie aweke kazi yote ndani ya Undo moja, ikiharibika Ctrl+Z moja inarudisha kila kitu. Na ukaguzi wa volyumu uwe makini, ndani ya skripti REAPER haihesabu kwa desibeli, 1 ndo desibeli 0, na 0.5 ni kama kushusha desibeli 6. Nimeshaona skripti imeandika -6 pale, hapo lazima ujue namba hiyo sio yenyewe.

Zuhura_Makole
Naongezea kwa uchungu maana yamenikuta. Nilimwachia ejenti akate ukimya kwenye rekodi ya babu mmoja wa zeze, nikampa kiwango cha desibeli -40, kwamba chochote kilicho chini yake ni ukimya, akakata kweli. Sasa yule babu anaanza kwa kupitisha upinde polepole sana, unasikia nywele za upinde zinagusa waya kabla sauti haijatoka, ule mwanzo wote ukaondoka na mimi sikugundua mpaka mteja aliponiuliza mbona mzee anaanza ghafla. Faili halisi nilikuwa nazo ndo pona yangu. Kaka nakili projekti nzima kwenye diski nyingine kwanza. Na hizo seva za MCP nyingi zimeandikwa na watu binafsi, nyingine zinamruhusu ejenti aendeshe amri zozote za kompyuta kwenye laptop yako, soma inaruhusu nini kabla hujaiwasha.

Mjukuu_wa_Ilimba
Mimi nijibu hilo la miksi: hapana, naomba sana usimwachie. Ejenti wa hivi hasikii muziki wako, anasoma namba, mita inasema nini, traki inaitwaje. Ilimba ina vitundu vimezibwa na utando wa buibui, ndo unaotoa ule mvumo wa zzz kila ufunguo ukipigwa. Ukimwambia safisha kelele ataweka plagini ya kuondoa kelele na mvumo utaondoka, na ule mvumo ndo ilimba yenyewe, fundi aliuweka makusudi.

La pili ni tyuni. Sauti zetu za Kigogo zinafuata zile sauti za asili za waya, zinazopanda moja baada ya nyingine ndani ya waya mmoja, hazifuati piano. Ile sauti ya saba kwenye mfuatano huo iko kama senti 31 (senti 100 ni nusu toni) chini ya ufunguo wa piano ulio jirani, na ya tano iko senti 14 chini. Ukiweka plagini ya kunyoosha sauti itaona ni makosa, itazivuta zote zikae kwenye piano, na waimbaji nao watavutwa. Sikiliza rekodi za marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wetu wa Kigogo, uone sauti zinavyokaa, kisha umsikie mtu aliyenyooshwa, utajua ninachosema.

Studio_Nkuhungu
Nawashukuru sana wakuu, na dada Zuhura pole kwa yaliyokukuta. Nimenakili projekti, nikampa orodha ya daftari, skripti ya kwanza ilikataa kwasababu ya mstari mmoja, nikambandikia ule ujumbe wa kosa akarekebisha, na sasa hivi traki zote 46 zina majina, muheme nyekundu, zeze kijani, ilimba njano. Saa nzima haijaisha. Kukata ukimya nakata mwenyewe kwa masikio. Mjukuu, kwenye ilimba sijaweka plagini yoyote, nimepanga volyumu tu. Usiku nikimaliza nitaweka hapa kipande cha dakika moja unisikilizie kama mvumo umekaa sawa.

Mjukuu_wa_Ilimba
Weka, niko macho. Na weka na ile rekodi mbichi nilinganishe.