Urubani upi? Gumzo la kikundi cha Ukoo wa Bi Mwanahamisi

Twaha: Shikamooni wote. Fomu za vyuo zimekaribia, kila mtu ananiuliza nataka kuwa nani. PCM (fizikia, kemia, hesabu) nimemaliza. Nataka urubani, ndiyo kazi ninayoiota. Semeni kabla sijajaza.

Baba Mkubwa Hamisi: Marahaba. Kabla ya fomu, mwili. Nenda kapimwe afya ya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, maana si kila hospitali inaruhusiwa. Kuna vijana wanalipa chuo kwanza, wanarusha saa 30, ndipo wanaambiwa hawatofautishi nyekundu na kijani. Hela hiyo hairudi.

Hadija: Kile kitabu cha madoa ya rangi yenye namba ndani?

Baba Mkubwa Hamisi: Hicho hicho, Ishihara. Miwani haimzuii mtu, marubani wenye miwani wapo tele. Rangi ndiyo yenye kesi. Ncha ya bawa la kushoto ina taa nyekundu, ya kulia ya kijani. Usiku ndivyo unavyojua ndege ya mwenzio inakuja au inakwenda. Baada ya macho kuna masikio, moyo, damu, mkojo. Na kipimo si cha mara moja, leseni ya biashara inakidai kila miezi 12, ukivuka miaka 60 kila miezi 6. Yaani ajira yako inalala ndani ya karatasi ya daktari.

Shangazi Zuhura: Haya, na gharama? Maana hapo ndipo baba yake atakapozimia.

Baba Mkubwa Hamisi: Usiulize ada ya mwaka, uliza bei ya saa moja ya ndege, na kama mafuta na mwalimu wamo ndani ya bei hiyo. Leseni ya binafsi ni saa 40 kwa uchache. Ya biashara ni 200, au 150 ukisoma mfululizo kwenye kozi iliyoidhinishwa. Cessna 172 inakunywa lita 30 hadi 35 kwa saa. Zidisha.

Hadija: 200 x 35 = lita 7,000 😳

Baba Mkubwa Hamisi: Na si petroli ya sheli. Ni avgas, mafuta ya ndege ndogo, ile ya bluu, bei yake mbali. Kila asubuhi mwanafunzi anakinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwenye kikombe cha plastiki kisicho na rangi, anaangalia kama kuna maji. Maji ni mazito, hukaa chini, utayaona kama lulu chini ya bluu. Ukiona kikombe kizima hakina rangi usifurahi, huenda umekinga maji matupu.

Baba Mkubwa Hamisi: Kinachowamaliza watu hela ni kukatika katikati. Ndege inaingia ukaguzi kila saa 100, kipuri hakipo, wiki 3 zinapita. Masika yakianza mawingu yanashuka, wiki nyingine. Ukirudi mkono umeshasahau kutua, unarudia somo kwa pesa yako. Kwa hiyo mkienda kuangalia chuo msihesabu madarasa. Hesabuni ndege zinazoruka siku hiyo, na zilizo juu ya mawe.

Twaha: Nikipata hizo 200 naajiriwa?

Baba Mkubwa Hamisi: Hapo ndipo penye msongamano. Mwenye saa 200 hakabidhiwi abiria peke yake, anakaa kiti cha kulia. Leseni ya juu kabisa, ya nahodha wa ndege kubwa, inataka saa 1,500. Vijana wengi wanazitafuta kwenye ndege ndogo za Caravan zinazokwenda Unguja na mbugani.

Hadija: Dar–Unguja dakika 20. Zimebaki saa 1,300. Hizo ni safari 3,900 🤣

Baba Mkubwa Hamisi: Cheka, lakini ndivyo zinavyojaa. Na mbugani ndiko shule yenyewe. Kiwanja cha Seronera, Serengeti, kiko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Saa 7 mchana joto limepanda, hewa nyepesi, ndege ileile inataka njia ndefu zaidi kunyanyuka. Ndiyo maana abiria wanabanwa kilo 15 na begi laini. Na kabla ya kutua unapita chini mara moja kufukuza nyumbu.

Shangazi Zuhura: Watu wanachokionea wivu ni zile mistari minne begani.

Baba Mkubwa Hamisi: Na mistari yenyewe ya kuazima. Miaka ya 1930 Pan Am, shirika la ndege la Marekani, waliwavisha marubani wa ndege zao za kutua majini sare za mtindo wa manahodha wa meli, dunia nzima ikaiga. Hata zile taa za nyekundu kushoto na kijani kulia zimetoka baharini.

Bibi (anaandika Hadija): Bibi anauliza, mnabishana urubani upi? Wa juu au wa maji? Anasema zamani ukisema rubani ni mtu wa chombo, anayejua miamba. Ndege imekuja juzi.

Ba'mdogo Saidi: Mama umenifungulia mlango 😀 Nilikuwa nasoma tu. Neno letu hilo. Vasco da Gama 1498 alipewa rubani Malindi ndipo akavuka hadi Calicut, India, tena kusi ikiwa imeanza, siku kama 23. Na rubani wa bandari yupo hadi leo. Meli kubwa haiingii Dar wala Kilindini bila yeye.

Twaha: Nahodha si yupo Ba'mdogo? Huyu wa pili wa nini?

Ba'mdogo Saidi: Nahodha anaijua meli yake, haijui bandari yako. Leo yuko hapa, wiki ijayo Durban. Rubani analijua lango: fungu la mchanga liko wapi, mkondo unavuta upande gani maji yakipwa, bamvua ni siku zipi. Meli inayokula maji mita nyingi, yaani tumbo lake limezama sana, inasubiri maji yajae, na siku za maji mafu, yasipojaa sana, ndiyo hesabu inabana. Halafu kuna jambo wengi hawalijui. Meli ikikimbia kwenye maji mafupi inadidimia. Hesabu ya haraka kwa meli nzito iliyojaa: noti 10, inashuka kama sentimita 80. Noti 5, sentimita 20. Kwenye mfereji mwembamba zidisha mara mbili.

Shangazi Zuhura: Noti za nini tena, za elfu kumi?

Ba'mdogo Saidi: Mwendo dada, maili za bahari kwa saa 😀 Angalieni lakini, mwendo umekatwa nusu, kudidimia kumebaki robo. Ndiyo maana rubani anaipunguza meli mapema. Anayetaka kuwahi gati ndiye anayelamba tope.

Twaha: Sasa anaingiaje melini na meli inatembea? Nimepata hii mtandaoni
[picha]

Ba'mdogo Saidi: Ngazi ya kamba. Hiyo ya pichani usiipande! Kuza uone. Vipandio vimeinama upande mmoja, kamba mbili hazikufungwa sawa. Pili, juu wameininginiza kwa pingu ya chuma iliyozungushwa kwenye kamba, kwa hiyo uzito umelalia vishikizo vya vipandio badala ya kamba yenyewe. Siku moja vinachomoka. Tatu, ile kamba nyembamba ya kuvutia ngazi juu wameifunga chini kabisa, inaning'inia kama kitanzi. Boti ya rubani ikiinasa inang'oa ngazi na mtu wake. Inatakiwa ifungwe kwenye kile kipandio kirefu cha mwisho au juu yake, na ielekee omo, mbele ya meli.

Hadija: Kipandio kirefu ni cha nini?

Ba'mdogo Saidi: Ngazi isijipindue. Urefu wake si chini ya mita 1.8. Vile vya kawaida vinaachana sentimita 31 hadi 35. Na mtu hapandi zaidi ya mita 9 kwa kamba. Ubavu ukiwa mrefu kuliko hapo, wanaunganisha na ngazi ya alumini ya meli. Nahodha anaigeuza meli kidogo ili ngazi iwe demani, upande uliokingwa na upepo, bahari itulie.

Ba'mdogo Saidi: Kupanda kwenyewe: unangoja boti ifike juu ya wimbi, unahamia hapo hapo, unapanda vipandio 2 au 3 haraka. Ukihama boti ikiwa bondeni, inaporudi juu inakubana miguu ubavuni. Begi halivaliwi, linavutwa na kamba baadaye. Mikono yote miwili iwe ya ngazi.

Bibi (anaandika Hadija): Anasema basi hata hiyo si kazi ya kutamani.

Ba'mdogo Saidi: Mama, ya kutamani sana. Rubani wa bandari analala kwake. Hapotei miezi 9 baharini. Kazi moja saa 1 au 2, meli ikifungwa gati anashuka. Zamu za usiku zipo, sikatai, maji hayangoji jua. Ila hakuna anayeionea wivu kwa sababu hakuna anayeiona.

Twaha: Njia yake?

Ba'mdogo Saidi: Ndefu kuliko ya Kaka Hamisi. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, au Bandari Maritime Academy ukiwa Mombasa. Kozi za awali za usalama 4: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama wako na wenzako. Halafu miezi 12 melini kama kadeti, ukijaza kitabu chako cha mafunzo kila kazi na sahihi ya afisa. Kitabu kikiwa na mapengo, hiyo miezi haihesabiwi kama mafunzo, utatakiwa 36. Baada ya cheti cha afisa wa zamu, cheti cha nahodha kinataka miezi 36 ya uafisa, inashuka hadi 24 ukiwa umekaa afisa mkuu 12. Bandari nyingi zinataka hicho au cha afisa mkuu, kisha unafundishwa lango lao, unaanza na meli ndogo. Weka miaka 10.

Shangazi Zuhura: Na kikwazo?

Ba'mdogo Saidi: Kupata meli ya ukadeti. Darasa linajaa, nafasi melini hazijai. Muulize chuo mwaka jana wamepandisha kadeti wangapi, na meli gani. Wakikujibu kwa jumla jumla, umeshajibiwa.

Hadija: Mimi nataka ya Mombasa, ile ya kunywa chai na kulipwa. Shangazi si ndiyo biashara yenu huko?

Shangazi Zuhura: Ya kuonja, si kunywa! Gramu 2 kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, bila sukari. Unavuta kwa sauti ili ipande hadi puani, unatema, unahamia kikombe kingine. Mamia kwa siku kabla ya mnada wa chai, kwa madaraja yake: BP1, PF1, PD, D1. Hutii manukato, hugusi pilipili asubuhi, mafua yakikushika huna kazi siku hiyo. Kosa la senti chache kwa kilo kwenye shehena ni hasara ya kweli.

Hadija: Nimeacha 😂

Baba Mkubwa Hamisi: Twaha, umenyamaza.

Twaha: Nafikiria. Miaka 10 ni mingi, lakini kadeti halipii lita 7,000.

Baba Mkubwa Hamisi: Hapo umehesabu sawa. Na wa juu naye hamalizi. Kila miezi 6 anaingizwa kwenye kiigizo, mashine inayoiga ndege, mwalimu anamzimia injini ndege ikinyanyuka, akishindwa harushi. Miaka 65 ikifika, ndege za abiria za kimataifa basi. Mimi bado ningechagua ya juu, lakini mimi ni fundi, napenda kelele.

Ba'mdogo Saidi: Kapime macho kwanza, rangi zinatakiwa kote kuwili. Halafu kaa Feri meli ikiingia. Ukiona bendera nusu nyeupe nusu nyekundu, rubani yumo ndani. Ile ya michirizi ya njano na bluu, bado anaitwa.

Twaha: Sawa. Kesho asubuhi naenda kwa daktari wa macho. Niende bila kula?

Baba Mkubwa Hamisi: Kula. Macho hayafungi.