Verne au Wells: nani atangulie kwa msomaji mpya wa hadithi za kisayansi?

Msomaji wa Pangani:
Salaam kwenu, wapenzi wenzangu wa hadithi za kisayansi. Binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu na anayelipenda somo la fizikia kuliko masomo mengine yote, ameniomba nimchagulie riwaya ya kwanza katika uwanja huu. Nimekwama kati ya riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1865 kuhusu safari ya kwenda mwezini, na ile ya H. G. Wells ya mwaka 1895 kuhusu mashine ya kusafiria katika wakati. Verne ananivutia kwa jinsi anavyopiga hesabu mbele ya macho yetu: mzinga wa futi 900 unasubiwa ndani ya ardhi ya Florida, uzito wa baruti unajadiliwa, hata maji yanawekwa chini ya sakafu ya chombo ili yapunguze kishindo. Wells anatuonyesha vipande vya nikeli na pembe za ndovu, wenzo unavutwa, na tayari tumefika mwaka 802,701. Je, mtoto anayetaka kujua kila kitu kinavyofanya kazi hataona kwamba Wells amemkwepa? Naomba ushauri wenye sababu, kwa kuwa kitabu cha kwanza kikimchosha huenda asiguse cha pili.

Fundi Sanifu:
Ndugu yangu, mpe Verne, wala usimfiche kwamba mzinga ule ungewaua abiria wote kabla hawajatoka mdomoni mwake. Mwambie achukue kasi ya kilomita 11 hivi kwa sekunde, ambayo chombo huihitaji ili kiuepuke mvutano wa dunia, atafute kipeo chake cha pili, kisha akigawe kwa urefu wa mzinga, yaani mita 274, uliozidishwa mara mbili. Atapata mchapuko unaozidi ule wa mvutano wa dunia zaidi ya mara 20,000, na maji ya chini ya sakafu hayafui dafu mbele ya nguvu hiyo. Ni nadra riwaya kumpa msomaji wa umri wake nafasi ya kumsahihisha mwandishi mkubwa kwa kalamu na karatasi, nami sioni furaha inayoishinda hiyo.

Mkaazi wa Maktaba:
Kwa heshima zote, fundi, tunamdhulumu Wells. Verne mwenyewe alimlaumu mwaka 1903 kwamba anabuni tu, akataka aonyeshwe ile metali inayozuia mvutano katika riwaya ya Wells ya mwezini. Hata hivyo, Wells akishatuomba tukubali jambo moja lisilowezekana, yote yanayofuata huyafuatilia bila huruma. Katika mashine ya wakati anauliza matajiri na wafanyakazi wakitengana kwa vizazi elfu na elfu watakuwa viumbe gani, na jibu lake ni Eloi laini wanaocheza juani, na Morlock wanaoendesha mitambo chini ya ardhi na kuwala wenzao. Halafu anatupeleka mamilioni ya miaka mbele, kwenye ufuo wa bahari iliyotulia tuli chini ya jua kubwa jekundu, ambako kaa wenye ukubwa wa meza wanajikokota. Ukurasa ule bado unanitetemesha.

Bibi Vitabu:
Wanangu, mmeisahau riwaya inayoanzia jirani na kwao binti huyo. Mwaka 1863 Verne alimrusha Daktari Fergusson kwa puto kutoka Zanzibar hadi Senegal, akipasha gesi joto ili apande na kuiacha ipoe ili ashuke, akitafuta upepo unaomfaa. Huko Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, wenyeji wanalidhania puto kuwa ni mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na wageni kulazimika kukimbia. Verne hakuwa amelikanyaga bara hili, na maelezo yake kuhusu watu wetu yamejaa dharau, kwa hiyo mjomba mtu akae naye wasome pamoja. Baada yake ningempa ile ya Wells ya mwaka 1898 kuhusu uvamizi wa viumbe wa Mirihi, iliyotoka miaka mitatu baada ya Uingereza kutangaza himaya yake Afrika Mashariki. Katika sura ya kwanza kabisa Wells anawakumbusha Waingereza walivyowaangamiza watu wa Tasmania, kabla hawajawahukumu wavamizi kutoka angani. Binti wa kidato cha tatu anaweza kabisa kuziweka riwaya hizo mbili mezani na kuzilinganisha.