Tunalipia masomo ya sataranji, tunakaririshwa Najdorf!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Miezi miwili sasa namlipa mwalimu wa sataranji hapa Dar shilingi 30,000 kila mwezi. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia: mimi ndio naanza, farasi na maaskofu naliwa bure. Akatuanzishia Ulinzi wa Sicilia, tawi la Najdorf, yaani mpangilio wa hatua za kuanzia mchezo kwa anayecheza weusi. Kariri hatua 14, akasema, wiki ijayo nasikiliza. Daftari limejaa!

Jumamosi nikaingia mechi za mtaani. Mpinzani wangu, kijana wa sekondari, hatua ya pili tu akatoa askofu mpaka c4 (herufi na namba ni jina la mraba kwenye ubao). Najdorf inamtaka mwenye vipande vyeupe asukume askari d4. Asiposukuma, huna Najdorf. Nikabaki nakodolea ubao.

Nikapambana hivyo hivyo. Mechi ya pili nacheza weupe, nikafika mwisho nina mfalme na askari mmoja, mwenzangu kabaki na mfalme mtupu. Mfalme wangu f6, askari e6, mfalme wake f8. Nikasukuma askari e7, cheki, yaani mfalme wake kashambuliwa! Akaenda e8. Nikasogeza mfalme e6 nisimpoteze askari, na hapo hapo ikawa sare: hana pa kukanyaga, wala hajapigwa cheki. Ushindi niliokuwa naushika mkononi.

Usiku nikakaa Lichess, tovuti ya sataranji ambako mafumbo na mazoezi yote ni bure. Kumbe kosa nililifanya mapema, nilimtanguliza askari badala ya mfalme. Mfalme wako akikaa mstari wa 6 mbele ya askari wake, unashinda zamu iwe ya yeyote, labda askari awe wa pembeni kabisa. Nimeelewa kwa dakika 20. Miezi miwili sikuwahi kuambiwa!

Nikamuuliza mwalimu. Akanijibu hizo ni za mbeleni. Za mbeleni zipi? Capablanca, bingwa wa dunia 1921 mpaka 1927, alisisitiza mwanafunzi aanzie mwisho wa mchezo, ubao ukiwa na vipande vichache. Na kabla hata ya hapo, nani alishatufundisha kujiuliza kila hatua: hiki kipande nikikiweka hapa, analiwa nani? Darasa zima tunapoteza malkia kila wiki, yeye anasahihisha hatua ya 11 ya Najdorf.

Kuna watoto wawili mle, wazazi wao wanajinyima. Wameanza kusema hawana akili ya mchezo huu. Hilo ndilo limenikera kuliko hela yangu.

Mwezi wa tatu silipi. Aliye maeneo ya Temeke mwenye ubao na anayeijua miisho ya mchezo yenye ngome aniambie, jioni nipo.