Tupeane uzoefu: kupiga polishi gari mwenyewe nyumbani, nini kilikukuta?

Mkwezi wa Mbezi
Wakuu, habari za jumapili. Kunguru wameifanyia Vitz yangu unyama. Boneti na paa lote madoa, na jua la saa nne lilishayakausha. Nimelaza kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu yake mpaka yakalainika, nikayainua bila kusugua. Yametoka, ila chini yake rangi imefifia. Nataka nipige polishi mwenyewe hapa uani, maana bei niliyotajiwa huko nje siiwezi. Nani ameshafanya, na kilimkuta nini?

Binti Likoni
Huku Mombasa kunguru ni hao hao, na chumvi ya bahari juu yake. Kinyesi kile usikilaze mpaka kesho. Kina asidi, halafu rangi ikipata moto hutanuka, ikipoa jioni inajibana kwenye doa lililokauka. Ndiyo maana unaosha na alama inabaki.

Mama Passo
Kweli kabisa, ya kwangu ilibaki hivyo hivyo.

Fundi wa Uani
Mkuu, kabla hujanunua chochote tafuta kile kibati cha kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Pameandikwa COLOR au C/TR, mbele yake ndiyo namba ya rangi. Kwa Toyota, ukikuta 040, ile nyeupe ya Hiace na Probox, mara nyingi haina klia juu, yaani ule utando usio na rangi unaoikinga rangi. Ukisugua kompaundi, ile polishi yenye chembe za kukwangua, kitambaa kitatoka cheupe, usishtuke, ni rangi yenyewe hiyo. Ukikuta 202, nyeusi, nenda taratibu sana. Ile ni laini, kitambaa chenye vumbi tu kinaichora.

Mzee wa 202
Fundi umenitonesha. Naomba niandike yote maana bado inaniuma.

Crown ya kaka yangu, nyeusi, 202 hiyo hiyo, ndiyo ilipangwa kumbeba mdogo wetu wa mwisho kwenda kanisani. Ijumaa, harusi kesho yake. Kaka akasema haiwezi kwenda na mikwaruzo ya madodoki ya kuoshea, akaita kijana mmoja anayepita majumbani. Kijana akaja na begi, akatoa grainda. Siyo mashine ya polishi. Grainda ya kukatia nondo, kaifunga sponji kwa mbele. Nikamuuliza mbona hivi, akasema, "Kazi ni ile ile, mzee."

Jamani, kazi siyo ile ile. Mashine ya polishi unaianza kwenye mizunguko 600 kwa dakika, na nyingi mwisho wake ni 3,000 hivi. Grainda ndogo ya kawaida inakwenda kama 11,000 na haina pa kuipunguzia.

Milango ilitoka safi, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Tukaingia kivulini kunywa chai. Akafika kwenye boneti, pale kwenye mkunjo unaotoka kwenye taa kwenda kwenye kioo. Rangi ikipulizwa huwa haikai nene kwenye kona, huteleza ikaenda kwenye tambarare. Nilisikia harufu kwanza, harufu ya plastiki kuungua. Kufika pale, weusi umeondoka, kuna mstari wa kijivu wa praima, ile rangi ya chini kabisa, urefu wa kiganja, na katikati yake bati linang'aa. Kijana kasimama, grainda bado inazunguka hewani. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akautazama ule mstari, akarudi ndani bila neno. Kaka akakaa juu ya matofali.

Mama Passo
Yesu wangu. Harusi je???

Mswaki wa Taa
Wakati tunamsubiri mzee, kuna dawa rahisi ya taa zilizopiga unjano: dawa ya meno. Kitambaa, sugua, suuza. Nimefanya na zinawaka vizuri tu.

Fundi wa Uani
Mswaki, usiwapoteze watu. Taa imepakwa utando wa kuzuia jua kiwandani. Ukisugua unatoa unjano pamoja na utando uliobaki, baada ya muda mfupi unarudi pale pale au pabaya zaidi. Piga msasa wa maji namba 1000, halafu 2000, halafu 3000, kisha klia inayozuia jua.

Mswaki wa Taa
Hiyo klia utaninunulia wewe? Mimi nataka kuona barabara usiku wa leo.

Mkwezi wa Mbezi
Taa mtaanzisha uzi wenu. Mzee wa 202, usituache hapo.

Mzee wa 202
Nilikuwa ibadani. Fundi rangi gani atapiga boneti Ijumaa jioni, ikauke, asubuhi iwe barabarani? Wote tuliowapigia walikataa, na walikuwa na haki. Aliyetuokoa ni shangazi, ndiye aliyekuwa mpambaji. Maua yalikuwa yakae katikati ya boneti, akayahamishia upande, yakashuka kuufuata ule mkunjo. Picha zote ziko safi. Bibi harusi aliambiwa baada ya fungate. Boneti ilipigwa upya, lakini weusi wake na wa mafenda haujalingana mpaka leo.

Tegeta Gereji
Pole mzee. Ila msiwahukumu vijana wote. Zipo grainda zenye kidhibiti cha spidi, natumia hiyo na sijaunguza gari la mtu.

Fundi wa Uani
Wewe una mkono, anayesoma hapa hana. Klia ya kiwandani ni mikroni 40 mpaka 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Anayeanza achukue ile mashine inayozunguka huku inatikisika. Ukiikandamiza vibaya kwenye kona, sponji inaacha kuzunguka.

Tegeta Gereji
Na itakula siku nzima kwa gari moja.

Fundi wa Uani
Siku moja na boneti nzima ni bora.

Mama Passo
Sisi wa maji ya kisima je? Nakaa Goba, gari ikikaukia juani inabaki na vidoa vyeupe vya chumvi. Mimi nachanganya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, napaka kivulini, nasuuza hapo hapo kabla haijakauka. Nakausha kwa taulo laini. Polishi sijawahi kuhitaji.

Binti Likoni
Dada hiyo naichukua. Na Omo acheni kwenye nguo, inaondoa waksi yote.

Mkwezi wa Mbezi
Nimekiona kibati, 1F7, silva. Nianze na nini?

Fundi wa Uani
Ina klia hiyo. Osha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia dodoki, mchanga ubaki huko. Ikiwa bati limepoa, bandika maskin tepu kwenye kona zote, chagua kipande cha ukubwa wa karatasi ya A4, upige polishi laini kwa mkono. Usianze na kompaundi kali. Doa likiondoka, maliza boneti hivyo hivyo, paka waksi, na hela ya mashine uibakize. Lisipoondoka, lete picha ya karibu hapa kabla hujagusa msasa.

Mkwezi wa Mbezi
Nakwenda madukani kule Gerezani kesho kutafuta polishi. Picha naleta jioni.